Jeni Moja, Sifa Nyingi: Takwimu za Kutafuta Jeni za Mifugo na Suala la Ng'ombe wa Masisi na Walikale

Katika kinywa cha mfugaji wa Masisi, maneno "ng'ombe mwema" hayana maana moja. Huenda yakamaanisha ng'ombe mwenye maziwa mengi. Huenda yakamaanisha yule ambaye maziwa yake, japo ni machache, ni mazito na hutoa jibini ya kutosha. Au yule apandaye na kushuka vilima bila kuchechemea, azaaye kwa wakati wake na asiyeangushwa na kupe. Mara nyingi mfugaji huyataka yote hayo kwa mnyama mmoja, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa maana sifa hizo hazikai pamoja kwa hiari. Anayechagua maziwa peke yake hupata maziwa, kisha hupata na mambo mengine ambayo hakuyaagiza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu wa takwimu wanavyotafuta, ndani ya urithi wa mnyama, mahali palipo jeni zinazohusika na sifa zaidi ya moja, na kwa nini kuzichunguza sifa kwa pamoja huonyesha mambo ambayo uchunguzi wa sifa mojamoja huyaficha. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada ya namna hii katika kurasa za taaluma za Kiswahili. Lakini Kiswahili ndicho lugha ambayo Muhunde, Munyanga, Mutembo na msemaji wa Kinyarwanda huitumia wanapokutana mnadani kumjadili mnyama. Elimu isiyoweza kusemwa kwa lugha hiyo itabaki ofisini. Zaidi ya hayo, swali lililo katikati ya mbinu hizi ni la jamii ile ile ambayo wanaisimu wamelihangaikia kwa muda mrefu walipochora mipaka ya lahaja. Jambo hilo litarudiwa mahali pake.

Milima na msitu

Teritwari za Masisi na Walikale zinapakana, lakini kwa mnyama wa kufugwa ni kama nchi mbili. Barabara itokayo Goma hupita Sake, hupanda Mushaki, hufika Masisi, kisha huteremka kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale. Malisho ya Masisi yamekaa juu, mahali pengi zaidi ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, penye baridi, ukungu na majani mabichi karibu mwaka mzima. Walikale, kwa sehemu kubwa, ni msitu wa bonde la Kongo, chini ya meta 1,000, uliokatwa na mito kama Lowa na Oso. Huko juu adui mkubwa ni kupe anayeeneza ndigana kali. Huko chini huongezeka mbung'o, ambaye hueneza nagana. Kwa hiyo si ajabu kwamba Masisi ilijulikana kwa ng'ombe, ilhali Walikale mifugo ya kawaida ni mbuzi, kuku na nguruwe.

Ng'ombe wa asili katika nchi hizi za juu ni wa jamii ya Ankole, mwenye pembe ndefu, ambaye damu yake imechanganya ng'ombe wa kale wa Afrika asiye na nundu na zebu mwenye nundu. Kinyarwanda kina msamiati tele wa kumgawanya: "inyambo" ni wale wa fahari wenye pembe kubwa mno, "inkuku" ni wa kawaida wenye umbo dogo, na "inkungu" ni wasio na pembe. (Kiswahili hakina utajiri huo, na wasemaji wa Kivu hukopa bila haya inapobidi.) Katika karne ya 20 walowezi na wamisionari waliingiza Kivu aina za Ulaya, hasa Friesian na Brown Swiss, na uchotara ukaenea. Ndipo ikazaliwa jibini ya Masisi, ambayo mjini Goma wengi huiita "fromaji", na ambayo bado huuzwa mbali na mahali inapotengenezwa.

Kisha kukawa na vita. Mapigano yaliyoanzia Ntoto, katika Walikale, mwezi Machi 1993, na yale yaliyofuata mpaka 1996, yaliyamaliza makundi mengi kwa uporaji na uchinjaji. Baadaye malisho yalijazwa tena kwa wanyama waliotoka sehemu mbalimbali, na nasaba zao hazikuandikwa. Vita vimerudi mara nyingi tangu hapo, na mwezi Januari 2025 vilifika tena Masisi yenyewe na Goma. Kila mara kundi linapojengwa upya, swali hurudi lile lile: ni fahali wa aina gani aletwe? Jibu la haraka huwa ni Friesian, kwa sababu maziwa hupimika siku ile ile, bali uvumilivu wa mnyama hupimwa na kifo chake.

Kumtafuta jirani wa jeni

Sifa kama rangi ya ngozi huweza kuamuliwa na jeni moja au mbili, na mzazi wa makini huzifuatia kwa macho. Sifa kama wingi wa maziwa, uzito au uvumilivu wa maradhi hazina mipaka ya namna hiyo. Hupimwa kwa kiasi, na kiasi hicho hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na majani, maji, mkono wa mchungaji na bahati. Jeni ya namna hiyo haionekani. Kinachoweza kuonekana ni jirani yake.

Wazo hilo ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1923 Mmarekani Karl Sax, akichunguza maharagwe, aligundua kwamba uzito wa punje ulifuatana na rangi ya ganda lake katika kizazi cha mchanganyiko. Rangi haikuwa sababu ya uzito. Ilikuwa alama iliyokaa karibu, katika kromosomu ile ile, na jeni za uzito. Siku hizi alama hazitafutwi tena katika rangi, bali katika kemia ya urithi wenyewe, na zinaweza kuhesabiwa kwa maelfu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Fahali ana kromosomu mbili mbili, na kila binti yake hupokea moja katika kila jozi. Iwapo mahali fulani kromosomu moja ina alama M na mwenzake ina alama m, mabinti watagawanyika makundi mawili yanayokaribiana kwa idadi. Wastani wa maziwa ya kundi la kwanza ukitofautiana na wa kundi la pili kwa kiasi kisichoweza kuelezwa na bahati tu, basi karibu na alama hiyo pana jeni inayogusa maziwa. Ugumu ni kwamba kabla ya kurithishwa kromosomu hukatika na kuungana upya, hivyo alama na jeni huweza kutengana. Uwezekano wa kutengana ukiwa 10 katika 100, tofauti inayoonekana kati ya makundi hupungua na kuwa asilimia 80 ya tofauti halisi. Ukifika 50 katika 100, hakuna kinachoonekana kabisa. Kwa sababu hiyo alama moja peke yake haiwezi kupambanua jeni yenye nguvu iliyo mbali na jeni dhaifu iliyo karibu. Mwaka 1989 Eric Lander na David Botstein walionyesha njia ya kutoka katika mkwamo huo: jeni itafutwe kati ya alama mbili zinazoizunguka, na kila hatua ya safari kati ya alama hizo ipewe alama ya ushahidi. Ushahidi wenye thamani ya 3 katika kipimo chao humaanisha kwamba takwimu zilizokusanywa zina uwezekano mara 1,000 zaidi ikiwa jeni ipo pale kuliko ikiwa haipo.

Hayo yote yalihusu sifa moja. Mtafiti aliyepima sifa kumi alirudia hesabu mara kumi, akapata ramani kumi, kisha akaziweka mezani na kutazama wapi zinalingana.

Sifa mbili katika mizani moja

Mwaka 1995 yalitokea, katika jarida la Genetics, makala mawili yaliyobadili desturi hiyo: moja la Changjian Jiang na Zhao-Bang Zeng, jingine la Abraham Korol na wenzake wa Haifa. Kila kundi lilipendekeza kwamba sifa zichunguzwe kwa pamoja, na uhusiano uliopo kati yao uingizwe ndani ya hesabu badala ya kusahauliwa. Faida yake haionekani vizuri kwa maneno matupu, kwa hiyo ufuatao ni mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi.

Ichukuliwe kwamba fahali mmoja ana mabinti 200, 100 wenye alama M na 100 wenye alama m. Kila ng'ombe amepimwa maziwa kwa siku na asilimia ya mafuta katika maziwa hayo. Maziwa yana mkengeuko sanifu wa lita 2, yaani ng'ombe wengi hawaachani na wastani kwa zaidi ya lita 2 juu au chini. Mafuta yana mkengeuko wa 0.8. Kundi la M limelizidi kundi la m kwa nusu lita ya maziwa na kwa 0.2 ya mafuta. Kila tofauti ni robo tu ya mkengeuko wake. Zikipimwa mojamoja, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hiyo mara 8 hivi katika kila majaribio 100. Mtafiti mwangalifu hatangaza lolote. Ataziacha zote mbili.

Lakini maziwa na asilimia ya mafuta havitembei kila kimoja njia yake. Katika makundi ya ng'ombe, anayetoa maziwa mengi kwa kawaida hutoa maziwa mepesi. Vitu hivi viwili ni kama ncha mbili za mti wa mizani, moja ikipanda nyingine hushuka. Uhusiano huo ukiwa −0.5, basi kundi la ng'ombe lililopanda katika sifa zote mbili kwa mara moja ni jambo geni sana, kwa kuwa limekwenda kinyume cha mkondo. Hesabu ya pamoja huutambua ugeni huo: uwezekano wa bahati kuuleta ni takriban 2 katika 1,000. Takwimu hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni kutazamwa kwa uhusiano.

Ieleweke pia kwamba mbinu hii si uganga. Katika mfano huo huo, kama kundi la M lingezidi kwa nusu lita ya maziwa na kupungukiwa 0.2 ya mafuta, tofauti hizo zingekuwa zimefuata mkondo ule ule ambao sifa hizo huufuata kila siku hata bila jeni hiyo. Hapo hesabu ya pamoja ingetoa uwezekano wa bahati wa 13 hivi katika 100, yaani ushahidi hafifu kuliko ule wa sifa mojamoja. Anayedhani kwamba kuongeza sifa katika hesabu huongeza ushahidi siku zote hajaielewa. Kinacholeta nguvu ni tofauti kati ya mwelekeo wa jeni na mwelekeo wa mambo mengine yote yanayozifungamanisha sifa.

Iko pia hatari ya wingi wa maswali. Anayepima sifa 16 kwa alama 477 ameuliza maswali 7,632. Akikubali kudanganywa mara 5 katika 100, bahati pekee itamletea "jeni" zipatazo 380. Mwaka 1994 Gary Churchill na Rebecca Doerge walipendekeza dawa ambayo haihitaji hesabu ngumu bali subira. Kila mnyama afikiriwe kuwa na kadi mbili, moja ya vipimo vya sifa zake na nyingine ya alama zake. Kadi za sifa zichanganywe kama karata na kugawiwa upya ovyo, ili uhusiano wa kweli kati ya sifa na alama uvunjike. Hesabu irudiwe, tena na tena mara elfu, na kila mara ushahidi mkubwa uliopatikana uandikwe. Kinachopatikana ni picha ya mambo ambayo bahati inaweza kuyafanya. Katika sifa nyingi ipo sharti moja: vipimo vyote vya mnyama mmoja vibaki katika kadi moja. Vikitenganishwa, uhusiano wa sifa zenyewe huharibika, na kipimo hakifai tena.

Kanuni moja au majirani wawili?

Ikithibitika kwamba mahali fulani katika kromosomu panagusa sifa mbili, linabaki swali ambalo kwa mfugaji ndilo kubwa kuliko yote. Je, ni jeni moja yenye kazi mbili, au ni jeni mbili zilizokaa jirani?

Wanaisimu wana mfano wake. Palipo na "ch" katika Kiunguja, mara nyingi Kimvita kina "t": macho na mato, cheka na teka, mchele na mtele. Palipo na "nj", mara nyingi Kimvita kina "nd": njia na ndia, njaa na ndaa. Hakuna anayesema kwamba mato, teka na mtele ni mabadiliko matatu. Ni kanuni moja ya sauti iliyojionyesha katika maneno mengi. Lakini je, "t" na "nd" ni matokeo ya kanuni moja au ya mbili zilizosafiri pamoja? Orodha ya maneno ya Mombasa pekee haitalijibu swali hilo hata ikijaza daftari. Kinachotakiwa ni msemaji wa mpakani, mahali ambapo mistari miwili ya ramani inaweza kuachana: akipatikana mwenye moja bila nyingine, mambo ni mawili.

Katika mifugo, msemaji huyo wa mpakani ni mnyama ambaye kromosomu yake ilikatika kati ya alama mbili zilizokaribiana. Mbinu ya Jiang na Zeng hulinganisha maelezo mawili, moja linaloweka sifa zote katika nukta moja na jingine linaloruhusu kila sifa kuwa na nukta yake, kisha huuliza kama la pili linazieleza takwimu vizuri zaidi kwa kiasi cha kustahili kuaminiwa. Wanyama waliokatika mahali hapo wakiwa wachache, jibu halipatikani. Na makundi mengi ya majaribio hayawi nao wa kutosha.

Tofauti ya majibu ni kubwa kwa mfugaji. Ikiwa jeni ni mbili, wingi wa maziwa na udhaifu vinaweza kutenganishwa kwa uzazi wenye subira, hata kama itachukua vizazi. Ikiwa ni moja, hakuna subira itakayosaidia. Ni kuchagua tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeni iitwayo DGAT1, katika kromosomu ya 14 ya ng'ombe. Michel Georges na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walikuwa wameliona eneo hilo katika ramani za maziwa tangu miaka ya 1990, na mwaka 2002 waliitaja jeni yenyewe. Badiliko moja katika protini inayotengenezwa na jeni hiyo, kwenye nafasi ya 232, hugeuza lisini kuwa alanini. Ng'ombe mwenye umbo la lisini hutoa maziwa yenye mafuta mengi zaidi lakini kwa kiasi kidogo. Mwenye alanini hutoa maziwa mengi na mepesi. Hapa hapana majirani wawili. Ni jeni moja yenye kazi moja ya kemia, kuunda mafuta, na matokeo yake katika ndoo ni mawili yaliyofungamana. Umbo la lisini ndilo lililoenea sana kwa zebu, ilhali katika Friesian yamo yote mawili.

Kwa mwenye kuuza maziwa kwa lita mjini, alanini ni neema. Kwa mwenye kutengeneza jibini Masisi, ambako barabara mbaya huyazuia maziwa yasifike mjini mabichi, anayejaza bidoni kwa maziwa mepesi amebeba maji. Aliyewahi kumdharau ng'ombe wa kienyeji kwa uchache wa maziwa yake alipaswa kumpima kwa kilo ya jibini.

Jaribio la Nairobi

Jaribio lililo karibu zaidi na hali ya Walikale halikufanyika Kongo. Katika miaka ya 1980, taasisi ya ILRAD ya Nairobi, ambayo mwaka 1994 iliunganishwa na ILCA ya Addis Ababa na kuwa ILRI, iliingiza Kenya viinitete vya ng'ombe wa N'Dama kutoka Gambia. Msomaji asichanganye: N'Dama ni jina la aina ya ng'ombe wa Afrika Magharibi, wala halihusiani na ndama wa Kiswahili. Mnyama huyu mdogo, asiye na nundu, huishi penye mbung'o na kuivumilia nagana ambayo huua wengine. Fahali wa N'Dama walizalishwa na majike ya Boran, zebu wa Kenya mwenye mwili mkubwa na asiye na uvumilivu huo, na machotara wao wakazalishwa wao kwa wao ili kupata kizazi cha pili, ambamo jeni za mababu huwa zimegawanyika kwa kila namna.

Wanyama 177 wa kizazi hicho waliambukizwa Trypanosoma congolense, kijidudu ambacho jina lake lenyewe limetolewa Kongo mwaka 1904. Walipimwa sifa 16 zilizohusu upungufu wa damu, uzito wa mwili na wingi wa vijidudu katika damu. Alama 477 zilisomwa katika kromosomu zote 29 zisizohusika na jinsia. Olivier Hanotte na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2003, na miongoni mwa waliofanya hesabu walikuwamo Yefim Ronin na Korol yule yule wa 1995. Sifa 16 zinazohusiana kwa karibu namna ile hazingeweza kutendewa kama wageni kumi na sita wasiojuana.

Sehemu zinazogusa uvumilivu zilionekana katika kromosomu 18, kila moja ikieleza kati ya asilimia 6 na 20 ya mtawanyiko wa sifa yake. Hivyo uvumilivu wa N'Dama si zawadi ya jeni moja ambayo ingeweza kuhamishwa kwa mnyama mwingine kama mtu ahamishavyo chumvi. Na jambo ambalo halikutarajiwa: katika sehemu 9 umbo lenye uvumilivu lilitoka kwa N'Dama, lakini katika sehemu 5 lilitoka kwa Boran, yule aliyehesabiwa kuwa dhaifu. Katika nyingine 4, chotara aliyepokea umbo moja kila upande aliwashinda wote wawili. Watafiti walihitimisha kwamba kwa uteuzi mwema ingewezekana kupata ng'ombe mwenye uvumilivu kuliko hata N'Dama mwenyewe.

Tahadhari mbili zinafaa. Kizingiti walichotumia kiliruhusu hadi sehemu moja katika tano ya matangazo kuwa ya uongo, kwa hiyo huenda tatu au nne kati ya hizo hazipo. Na kundi la wanyama 177 ni dogo: jeni zinazovuka kizingiti katika kundi dogo ni zile zilizobahatika kuonekana kubwa kuliko zilivyo, kama W. D. Beavis alivyoonyesha katika miaka ya 1990. Asilimia 20 isomwe kwa macho makavu.

Kuhusu ndigana kali, ambayo ndiyo hasara ya Masisi hasa, mwaka 2022 watafiti wa Kenya na Uskoti walionyesha kwamba uvumilivu katika ukoo mmoja wa Boran ulifuatana na eneo moja lenye jeni ya jamii ya FAF1. Hapa hali ni nyingine kabisa: si sehemu kumi na nane, bali moja yenye nguvu. Swali la sifa nyingi linabaki pale pale hata hivyo, kwani lazima ijulikane eneo hilo linafanya nini katika maziwa, uzazi na ukuaji kabla fahali mwenye nalo hajasambazwa.

Maziwa ya juu na maziwa ya chini

Mwaka 1952 D. S. Falconer alitoa wazo ambalo kwa mara ya kwanza husikika kama mchezo wa maneno. Alisema kwamba sifa moja ikipimwa katika mazingira mawili ichukuliwe kuwa sifa mbili. Maziwa ya Mushaki ni sifa moja. Maziwa ya chini, ukingoni mwa msitu, ni sifa nyingine. Na kinachotakiwa kujulikana ni uhusiano kati ya hizo mbili. Uhusiano huo ukikaribia 1, fahali aliye bora juu ni bora chini. Ukiwa mdogo, sifa aliyoipata mnyama Masisi haimfuati Nyabiondo. Jiang na Zeng waliliingiza wazo hilo katika ramani za jeni: mbinu ile ile inayolinganisha maziwa na mafuta inaweza kulinganisha maziwa na maziwa, na kuonyesha ni sehemu zipi za kromosomu zinazofanya kazi kila mahali na zipi zinazofanya kazi penye baridi tu.

Kwa Kivu Kaskazini hilo ndilo tumizi lenye manufaa kuliko yote, nalo ndilo lililo mbali zaidi, kwa kuwa linahitaji wanyama wa nasaba inayojulikana waliopimwa pande zote mbili. Utafiti wa siku hizi umepunguza baadhi ya masharti. Tangu nasaba nzima ya ng'ombe iliposomwa na kutangazwa mwaka 2009, na kwa vibao vinavyosoma alama elfu hamsini kwa mara moja, ukoo wa mnyama unaweza kusomwa kutoka katika damu yake hata kama daftari lilichomwa. Mwaka 2014 Sunduimijid Bolormaa na wenzake wa Australia walijumlisha ushahidi wa sifa 32 za ng'ombe wa nyama bila kuhitaji kwamba kila mnyama awe amepimwa sifa zote; kundi moja likipimwa uzito na jingine uzazi, hesabu huziunganisha kwa alama, siyo kwa mnyama. Njia hiyo ingelifaa mahali ambapo mfugaji mmoja anapima maziwa, mwingine anajua tu nani alikufa kwa ndigana.

Kisichopunguzwa na kibao chochote ni kipimo chenyewe. Katika malisho mengi ya Masisi maziwa ya ng'ombe wote humiminwa katika bidoni moja, na kinachoandikwa, kikiandikwa, ni jumla. Jumla hiyo hailingani na alama yoyote, kwa sababu si ya mnyama yeyote. Kazi ya kwanza ya ramani hizi haihitaji maabara: chombo chenye mistari ya kupimia, jina la kila ng'ombe, tarehe ya kuzaa, na safu ya nne katika daftari kwa ajili ya maradhi na kifo, ambayo wengi huiacha wazi kwa kuwa mnyama aliyekufa hawamhesabu tena.